Somo: Kutumia Betri za Kuchaji katika Kamera na Flashi

Flashi inayopachikwa juu ya kamera ina njaa ya umeme isiyofanana na ya vifaa vingi vinavyotumia betri za ukubwa wa AA. Saa ya ukutani huzitumia kidogo kidogo kwa miezi mingi, lakini flashi, kila inapomaliza kuwaka, hudai ampea kadhaa kwa mkupuo ili kuijaza tena kapasita yake, yaani kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme wa mwako, ambayo hufikia takribani volti 300. Mlio mwembamba unaousikia ukipanda hadi taa ndogo ya nyuma iwake ndiyo kazi hiyo inayofanyika, na urefu wa mlio huo ndio kipimo rahisi kuliko vyote cha hali ya betri zako.

Jambo ninalotaka lishikwe katika somo hili ni moja: betri nne za flashi zihesabiwe kuwa kitu kimoja. Zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zitumike pamoja na ziondolewe kazini pamoja. Katika flashi nyingi betri hizo zimeungana kwa mfuatano, mkondo uleule ukipita katika kila moja, kwa hiyo iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua kazi itaishia wapi.

Hatua ya kwanza: chagua aina inayofaa.

Tafuta betri za nikeli zilizoandikwa NiMH ubavuni. Wengi huzikataa kwa sababu zina volti 1.2 ilhali betri za alkalini, zile za kawaida za kutumia na kutupa, zina 1.5, wakidhani flashi itakosa nguvu. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu betri inapokuwa imepumzika. Flashi inapovuta mkondo mkubwa, volteji ya alkalini hushuka upesi kutokana na ukinzani wake wa ndani, yaani upinzani wa betri yenyewe dhidi ya mkondo, na betri hiyo huweza kutoa chini ya nusu ya umeme ambao ingeutoa katika kazi nyepesi. NiMH ina ukinzani mdogo, huishikilia volteji yake karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya kazi, na kwa hiyo flashi hujijaza haraka zaidi. Faida nyingine ni kwamba alkalini zilizosahaulika ndani ya kifaa huvuja potasiamu haidroksaidi, kemikali inayokula vibati vya mguso. NiMH huvuja kwa nadra.

Miongoni mwa NiMH zenyewe, chagua zile zinazotunza chaji, ambazo kwa kawaida huuzwa zikiwa zimeshachajiwa. Kampuni ya Sanyo ya Japani ilizifanya zijulikane kwa chapa ya Eneloop mwaka 2005, na sasa viwanda vingi huzitengeneza. Zile za kizamani zilipoteza chaji hata zikiwa zimekaa tu mkobani, hivyo kwamba baada ya wiki chache ulilazimika kuzichaji upya kabla ya kazi. Hizi hubaki na kiasi kikubwa cha chaji yake hata baada ya mwaka.

Usiburuzwe na namba kubwa. Betri za miliampea-saa 2,500 (kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri hubeba) hutoa picha nyingi zaidi kwa chaji moja, lakini kwa kawaida huhimili mizunguko michache ya kuchaji kuliko zile za takribani 2,000. Kwa mpigapicha wa kawaida nashauri za 2,000, seti mbili au tatu, kuliko seti moja ya namba kubwa.

Hatua ya pili: weka alama.

Siku unapozitoa kwenye pakiti, andika kwa kalamu ya wino usiofutika herufi ya seti pamoja na mwezi na mwaka, kwa mfano A 3/25, kwenye kila betri. Kazi hii huchukua dakika moja, na bila hiyo hatua zote zinazofuata hupoteza maana, kwa kuwa betri za chapa moja hufanana na huchanganyika siku ya kwanza tu unapobadilisha katikati ya kazi.

Hatua ya tatu: chaji kwa chaja inayoitambua kila betri peke yake.

Hapa ndipo betri nyingi huuawa, na ndipo fedha yako inapaswa kwenda. Chaja rahisi huchaji betri mbili mbili, au hukata umeme kwa kufuata saa, bila kujua kama betri imejaa au la. Katika jozi hizo, iliyojaa kwanza huendelea kulazimishwa umeme ikisubiri mwenzake, na mwishowe huchemka. Chaja nzuri ina taa au kioo kwa kila nafasi, na hukata umeme inapoona dalili ya kujaa: volteji ya NiMH hupanda hadi kileleni, kisha hushuka kidogo sana. Mshuko huo huonekana vizuri pale tu mkondo wa kuchaji unapokuwa wa kutosha. Kwa betri ya 2,000, mkondo wa miliampea 1,000 ni mzuri, na kazi humalizika kwa saa mbili na ushei. Wanaoamini kwamba kuchaji polepole ndiko salama siku zote wanasahau kwamba kwa miliampea 300, kwa mfano, mshuko huweza kuwa mdogo kiasi cha kutotambulika, na chaja ikapitiliza.

Ziguse kuelekea mwisho wa kuchaji. Betri zote nne zikiwa vuguvugu kwa kiwango kimoja, seti ina afya. Moja ikiwa ya moto huku wenzake wakiwa baridi, itilie shaka hiyo.

Hatua ya nne: zitumie na uziondoe kwa wakati.

Flashi inapoanza kuchelewa kujijaza, badilisha seti nzima. Usiendelee kubonyeza hadi ife kabisa. Betri tatu zenye chaji zikiungana na moja iliyokwisha, hizo tatu huisukuma hiyo moja hadi ncha zake zigeuke, chanya ikawa hasi, na madhara yake ni ya kudumu. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye kamwe mpya na kuukuu, wala NiMH na alkalini.

Kumbuka pia kwamba kujijaza haraka kunakupa uwezo wa kuiunguza flashi. Ukipiga kwa nguvu kamili mfululizo, kichwa chake hupata joto kali; soma kijitabu cha flashi yako kuhusu idadi ya miwako na muda wa kuipumzisha, kisha ukifuate.

Hatua ya tano: betri ya kamera yenyewe.

Kamera nyingi za leo hutumia betri ya lithiamu-ayoni, ambayo kanuni zake ni tofauti. Ichaji wakati wowote, hata ikiwa imebaki na nusu. Ikikaa muda mrefu bila kazi, iache na chaji ya karibu nusu mahali penye ubaridi, kwa maana kukaa imejaa kwenye joto huizeesha, na kukaa tupu huweza kuiua. Ikivimba, acha kuitumia mara moja. Usiichaji kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shukrani kwa somo. Betri zangu za zamani hujaa ndani ya dakika kumi, kisha flashi huwaka mara chache tu na kufa. Je, chaja ndiyo mbovu?

Jibu: Yaelekea ni betri. Ukinzani wake wa ndani umepanda, hivyo volteji hufika juu upesi na chaja hudhani kazi imekwisha. Kama chaja yako ina programu ya kuzitumia na kuzichaji upya kwa zamu, ijaribu mara mbili au tatu. Zisipoamka, zipe kazi nyepesi kama rimoti, na flashi uinunulie seti mpya.

Swali: Nilifundishwa kwamba ni lazima betri iishe kabisa kabla ya kuchajiwa, la sivyo itazoea. Je, ni kweli?

Jibu: Fundisho hilo lilihusu zaidi betri za nikeli-kadimiamu. Kwa NiMH athari hiyo ni ndogo, na kwa lithiamu-ayoni usijishughulishe nayo. Chaji seti yako kabla ya kazi, hata kama haijaisha.

Swali: Kamera yangu ndogo hutumia AA mbili. Nikiweka NiMH nilizozichaji jana, alama ya betri huonyesha zinakaribia kwisha. Nifanye nini, ndugu mwalimu?

Jibu: Alama hiyo hupima volteji, na huenda imepangiwa alkalini. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kuchagua aina ya betri; kamera nyingi za AA zinayo. Ikiwa kamera inazimika kweli, futa ncha za betri na vibati vya kamera kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, kwa kuwa hata utando mwembamba wa uchafu huongeza ukinzani.

Swali: Nimeona betri za lithiamu za ukubwa wa AA zinazochajika. Zinafaa kwa flashi?

Jibu: Tafadhali soma volti kwanza. Ziko zilizoandikwa 14500, zenye volti 3.7; nne kati yake hufikia volti 14.8, na zikijaa 16.8, katika flashi iliyoundwa kwa 6. Zitaiharibu. Ziko pia za volti 1.5, ambazo ndani yake mna sakiti ndogo ya kushusha volteji. Hizi hazizidishi volti, lakini sakiti hiyo ina kikomo cha mkondo, na nyingi hukata umeme ghafla bila flashi kuonyesha dalili ya kuchoka. Kwa flashi mimi hubaki na NiMH.

Swali: Nasafiri kwa ndege na betri mbili za akiba za kamera. Niziweke wapi?

Jibu: Ziweke katika mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, si katika mizigo ya chini, na funika ncha zake kwa vifuniko vyake au utepe wa gundi ili zisigusane na chuma. Kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali ni wati-saa 100 kwa kila betri. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 7.2 na miliampea-saa 1,800 ina takribani wati-saa 13.