Paka akikojolea nguo, usishike ndara kwanza

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea nyumbani hapa Langa Langa, Nakuru, vyumba viwili tu. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: cherehani, meza ya kukatia, na vitambaa vya wateja vimepangwa ukutani. Kwa hiyo paka akikojoa ovyo kwangu, si suala la harufu peke yake, ni mali ya watu. Siku Kaptula alipokojolea kitenge cha mita 6 cha mama aliyekuwa akiozesha binti yake, nilimpiga kwa ndara. Kaptula ni dume mweusi, mapaja meupe kama amevaa kaptula. Nilimpiga bure, na mpaka leo inaniuma. Naandika haya ili wewe usianzie pale nilipoanzia mimi.

Kitu cha kwanza ni kumtazama anavyokojoa. Wengi tunatazama doa, hatumtazami paka.

Kwangu, binti yangu ndiye aliyeona, siku mbili baada ya ile ndara. Alikuwa nyumbani kwa likizo. Akaniambia, "Mama, Kaptula anachuchumaa kila mara na hakuna kitu kinatoka." Nikaacha kazi nikaenda. Alikuwa kwenye kona ya pasi, mgongo umepinda, anatoa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akasimama, akajilamba chini ya mkia, akasogea hatua tatu, akachuchumaa tena. Pale alipotoka palikuwa na kipande cha bitana nyeupe, na juu yake matone matatu. La mwisho lilikuwa na rangi ya waridi, kama maji yaliyooshea nyama.

Nilimtia kwenye kikapu cha sokoni, nikafunga leso juu, tukapanda boda hadi kwa daktari wa mifugo mjini. Alimpapasa tumbo taratibu kisha akasema, "Mama, huyu hana kiburi. Anaumwa akikojoa, ndiyo maana anakimbia mahali pake pa kawaida na kutafuta palipo laini." Kibofu kilikuwa kimeshika uvimbe, ila mkojo bado ulikuwa unapita kidogo.

Sasa shika hili kabla ya mengine yote. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Chembechembe ngumu kama mchanga, au ute wa kibofu, vinaweza kuiziba kabisa. Ikiziba, sumu ambazo mkojo ungezitoa zinarudi kwenye damu, moyo unalegea, na paka anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Dume anayejikamua bila kutoa kitu, anayelia, anayetapika au kukataa chakula, hangoji kesho wala Jumatatu. Mpeleke sasa hivi. Na usimpe dawa yako ya maumivu ukidhani unamsaidia. Parasetamoli, hata nusu ya kidonge, inaweza kumuua paka.

Kama anakojoa mkojo mwingi kuliko zamani na anakunywa maji kupita kiasi, hasa akiwa mzee, hiyo nayo ni safari ya daktari, kwa sababu figo na kisukari huanza hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Paka akisimama wima, mkia juu unatetemeka, akarusha mkojo kidogo ukutani au kwenye pazia, huyo hajaenda haja. Anaweka alama ya mpaka wake. Mara nyingi ni dume ambaye hajahasiwa, au kuna paka mgeni anayepita dirishani. Kumhasi humaliza tabia hiyo kwa madume kama 9 kati ya 10, na afadhali afanyiwe mapema kabla haijakuwa mazoea. Yule mgeni wa dirishani, mzibie asionekane: bandika karatasi sehemu ya chini ya kioo.

Turudi kwa anayechuchumaa. Daktari alipomaliza na kibofu, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: huyu paka choo chake kiko wapi? Nikanyamaza. Miaka yote Kaptula alikuwa akienda nje, kwenye udongo chini ya mpera. Mwezi uliotangulia, mwenye ploti alikuwa ametandaza kabro uwanja mzima, ukuta hadi ukuta. Sisi tulifurahi kwamba matope yameisha. Kaptula alipoteza choo, na hakuna aliyemwonyesha kingine. Paka anaweza kujizuia kwa saa nyingi, na mkojo unaokaa sana kibofuni unazidisha shida.

Basi nikamtengenezea choo. Chukua beseni pana, refu mara moja na nusu ya mwili wake bila mkia, ili aweze kugeuka na kuchimba. Kama ni mzee au ana maumivu ya miguu, kata ukingo upande mmoja uwe chini. Ndani nilitia unga wa mbao kutoka kwa seremala wa mtaani, ambaye hunipa nusu gunia bila malipo. Uliza kwanza: usichukue wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, wala wa zile mbao za kubandikwa kwa gundi. Uchekeche vipande vikubwa vitoke, maana paka anataka kitu kinachopita kati ya vidole vyake kama mchanga. Kimo kiwe vidole vitatu hivi.

Wiki ya kwanza nilichanganya na udongo wa pale chini ya mpera, ule uliobaki kwenye mizizi. Alinusa, akachimba kidogo, akaingia. Kila siku nilipunguza udongo nikaongeza unga wa mbao, mpaka siku ya tisa ukawa unga mtupu. Usibadilishe ghafla.

Mahali pa kuweka beseni nilikosea mara moja. Nililiweka chini ya meza ya kukatia, hatua mbili kutoka kwenye cherehani ya stima. Siku moja mota iliunguruma akiwa ndani, akaruka, na hakulirudia tena. Nikalihamishia kwenye kona karibu na bafu, palipo kimya, mbali na sahani yake ya chakula, na anapoweza kuona mlango. Hapo akakubali. Ukiwa na paka mmoja weka mabeseni mawili, wawili weka matatu, na usiyapange pamoja, kwa sababu paka mbabe anaweza kuyalinda yote akiwa amelala mahali pamoja.

Toa uchafu asubuhi na jioni. Mara moja kwa wiki mwaga vyote, osha kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, anika. Usitie marashi. Dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini ni sumu kwa paka, ziweke mbali kabisa. Mwenye mimba asitoe uchafu huu, amwachie mtu mwingine. Kimelea kinachotishia mtoto tumboni huchukua siku 1 hadi 5 kuiva kwenye kinyesi cha paka, na hiyo ni sababu nyingine ya kusafisha kila siku bila kukosa.

Sasa madoa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nguo ndiyo kazi yangu. Pua yako ikisema pamenukia vizuri, ya paka bado inasoma mkojo palepale, na atarudi. Kwanza tafuta madoa yote. Niliazima ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Usiku nikazima stima, nikapitisha taa sakafuni polepole. Nilijua madoa mawili. Niliona saba, yaking'aa manjano yenye ukijani: chini ya meza, kwenye mguu wa kiti, na moja juu ya rula yangu ya mbao. Niliyazungushia chaki ya kukatia, asubuhi nikaanza kazi.

Mkojo mbichi, ukandamize kwa kitambaa kikavu mpaka kisilowe tena. Usisugue, utausukuma ndani. Kisha siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, acha dakika 10, kandamiza tena. Sakafuni au kwenye godoro, nyunyiza soda ya kuokea mikate, si magadi ya kuchemshia maharagwe, acha ikauke usiku kucha, kisha fagia. Nguo inayofulika, iloweke kwa sabuni ya unga yenye enzaimu, yaani viungo vinavyovunjavunja uchafu, maji ya baridi au vuguvugu, saa kadhaa. Maji ya moto huharibu enzaimu, na ukipiga pasi kabla harufu haijaisha unaipika ndani ya nyuzi. Jaribu siki kwenye pindo kwanza kama rangi inachuja. Klorini usiitumie: ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua.

Kile kitenge nilikifua mara tatu. Kwangu hakikunuka kitu. Nilikiweka sakafuni, Kaptula akakinusa pembe moja kwa muda mrefu. Nikajua. Nilimpigia mteja nikamwambia ukweli, nikanunua kingine kwa pesa zangu.

Mahali palipokwisha kusafishwa, pape kazi nyingine. Kwenye kona ya pasi niliweka bakuli lake la chakula, na tangu hapo hajapakojolea, maana paka hapendi kukojoa anapolia chakula. Vitambaa vya wateja sasa viko ndani ya ndoo zenye vifuniko.

La mwisho ni maji. Nilikuwa nikimpa omena kavu na ugali, na paka kwa asili hana kiu kubwa, kwa hiyo mkojo wake ulikuwa mzito. Sasa naloweka omena usiku kucha, naichemsha bila chumvi, nampa na mchuzi wake wote. Mabakuli ya maji yako matatu, kila moja kona yake.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani nahesabu mabonge ya unga uliolowa mkojo kwenye beseni. Kwa kawaida ni mawili au matatu. Nikikuta beseni kavu, au nikimwona ameingia na kutoka mara ya tatu, naacha kazi ilivyo, nachukua kikapu na leso, natafuta boda.