Namna ya Kuandaa Tamasha la Shule la Kuwachangia Waathirika wa Maafa

Kamati nyingi za shule huanza kwa kujadili michezo itakayochezwa na vyakula vitakavyouzwa, ilhali jambo linalopaswa kuamuliwa kwanza ni mahali fedha zitakapokwenda. Mpokeaji achaguliwe kabla tangazo la kwanza halijabandikwa ukutani. Chama cha Msalaba Mwekundu au cha Hilali Nyekundu cha nchi iliyopatwa na janga ni chaguo linalofaa, na shule inayotaka fedha ziwafikie watoto hasa inaweza kuwasiliana na UNICEF. Namba ya akaunti ichukuliwe kwenye ofisi au tovuti rasmi ya taasisi husika, si kwenye ujumbe unaosambazwa katika simu, kwa kuwa maafa yanapotokea matapeli nao huwa kazini. Taasisi iulizwe pia iwapo mchango unaweza kutengwa kwa ajili ya janga hilo moja au utaingia katika mfuko wa pamoja wa dharura, na jibu lake liandikwe wazi kwenye tangazo ili mzazi anayenunua tiketi ajue anachangia nini.

Hapatakosekana mtu wa kupendekeza kwamba zikusanywe nguo na vyakula vipelekwe kule kwenyewe. Nia yake ni njema, lakini baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004, nguo na dawa ambazo hazikuhitajika zilirundikana katika maeneo yaliyoathirika, zikajaza maghala na kuwapotezea watoa misaada muda wa kuzichambua. Fedha hununua kinachohitajika, tena mara nyingi karibu na wanaohitaji. Nguo ambazo wazazi wameshazitoa zisikataliwe: zipangwe mezani siku ya tamasha na kuuzwa kama mitumba.

Wiki nne hadi sita za maandalizi zinatosha. Muda ukizidi hapo, janga huwa limeshatoka katika habari na ari ya watu imepoa. Kamati iwe ndogo, yenye mwenyekiti, mweka hazina asiyekuwa na jukumu jingine lolote, na wanafunzi kadhaa wakubwa, maana wao ndio wanaojua wenzao watapanga foleni mbele ya mchezo gani.

Katika kuchagua michezo, kipimo kinachosahaulika ni muda. Tamasha la saa 4 lina dakika 240. Mchezo wa kuangusha makopo kwa mpira, ikiwa kila mchezaji anatumia dakika 2, unaweza kupokea wachezaji 120 kwa siku nzima. Mchoraji wa nyuso anayetumia dakika 10 kwa kila mtoto hatawamaliza zaidi ya watoto 24. Kwa hiyo kuchora nyuso ama kuwe na wachoraji watatu au wanne, ama kutozwe tiketi nyingi zaidi. Kukisia idadi ya punje zilizomo ndani ya chupa hakuna foleni kabisa wala hakuhitaji zaidi ya mtu mmoja na daftari, na kwa maoni yangu ndio mchezo wenye faida kuliko yote. Mbio za magunia na kuvuta kamba haziingizi fedha nyingi, lakini ndizo zinazowafanya watu wasiondoke mapema.

Zawadi nazo zipigiwe hesabu. Ikiwa mshindi ni mmoja kati ya wachezaji watano, na zawadi yake imegharimu thamani ya tiketi tatu, waathirika wanabakiwa na tiketi mbili tu katika kila tano. Ni heri kuomba zawadi, viti, mahema na vipaza sauti kwa wafanyabiashara na wazazi, kwa sababu kila kinacholipiwa kinakatwa kwenye mchango. Bahati nasibu husimamiwa na sheria katika nchi nyingi na huenda ikahitaji kibali, hivyo uongozi wa shule uulizie mapema.

Fedha taslimu zisishikwe kwenye vibanda. Ziwepo meza mbili za kuuzia tiketi zenye namba mfululizo, na vibanda vyote vipokee tiketi pekee. Mweka hazina aandike namba ya kwanza, namba ya mwisho na kiasi cha chenji kilichowekwa mezani asubuhi. Jioni watu wawili wasio wa familia moja wahesabu pamoja na kutia saini. Idadi ya tiketi zilizouzwa ikizidishwa kwa bei ya tiketi, kisha ikajumlishwa na ile chenji, ilingane na kilichomo sandukuni.

Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, kinachohitaji ubaridi kiwe chini ya nyuzi 5, na vyenye karanga viwekewe kibao. Pawe na mtu wa huduma ya kwanza pamoja na mahali panapojulikana pa kupeleka mtoto aliyepotezana na wazazi wake. Tahadhari nyingine haihusu usalama: isibuniwe michezo inayoigiza mafuriko au nyumba zinazobomoka, na picha za watu walio katika dhiki zisitumiwe kupamba vibanda, kwani huenda miongoni mwa wanafunzi yupo ambaye jamaa zake wamo katika janga lilelile.

Fedha zipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi, zitumwe kwa mpokeaji ndani ya wiki moja, na nakala ya stakabadhi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na karatasi moja inayoonyesha mapato yote, gharama zote na kiasi kilichotumwa.