Kumfundisha mgeni kuvua kwa mshipi Dar es Salaam, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa nahodha au mvuvi wa Msasani, Kunduchi au Kigamboni anayetaka kuchukua watu wa mjini ambao hawajawahi kushika ndoana, akae nao karibu na pwani kwa nusu siku, na warudi wakijua kuvua. Ukimtilia mtu chambo, ukamshikia mshipi na ukamvutia samaki, amelipa nauli ya kutazama tu.

Chukua watu wanne, si zaidi. Chomboni pawe na nahodha mmoja na mwalimu mmoja. Wanafunzi wakifika sita, kazi ya mwalimu inakuwa kufungua mafundo tangu asubuhi mpaka kurudi.

Anza na mshipi wa mkono, hata kama una fimbo na rili nzuri. Kidole kinachogusa nailoni kinasikia kila kitu kinachotokea chini: mchanga, jiwe, samaki mdogo anayedokoa, samaki mkubwa anayemeza. Mtu aliyejifunza kwa kidole akipewa fimbo baadaye hapati tabu. Aliyeanza na fimbo hukaa muda mrefu bila kujua kama ameguswa au mawimbi tu yanamchezea.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kitu kingine

Safari nyingi za wageni huharibika kwa sababu siku ilichaguliwa kwa kuangalia Jumamosi badala ya mwezi. Angalia mwezi mwandamo kwanza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hupita mita 3, na mkondo unakwenda kwa nguvu. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, kisha hukauka kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Maana yake mgeni atavua maji yakitoka mbio, chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) halitulii chini, na mkirudi mapema mtakuta ufuko uko mbali, abiria washuke watembee kwenye tope na mawe.

Siku nzuri za kufundisha ni za maji mafu, yaani karibu tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi mwandamo. Mkondo unapungua, na maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi. Ukiondoka saa 12:30, unavua maji yakipanda polepole, yakisimama, na yakianza kupwa, yote kabla ya saa 5. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kuhesabu ya keshokutwa.

Baada ya mwezi, upepo. Kuanzia Novemba hadi Machi kaskazi huleta asubuhi nyingi zinazofaa. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, humchosha mgeni hata akiwa ndani ya ghuba. Vipindi vya maleleji, upepo unapogeuka, mara nyingi ndivyo vitulivu kuliko vyote, ila cha Aprili kinaangukia mvua za masika. Soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Upepo wa kilomita 20 kwa saa au chini yake, nenda. Ukipita 30, ahirisha na urudishe pesa bila mabishano. Kati ya hapo, angalia mawimbi: yakizidi nusu mita mahali mtakapotia nanga, mgeni hatajifunza chochote, atatapika tu.

Hatua ya 2: Mahali

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na upande wa kusini Sinda, Kendwa na Makatumbe navyo vimelindwa. Usivue ndani ya mipaka yake. Mipaka inajumuisha na maji yanayovizunguka, haikomei ufukweni, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Pata ramani kutoka kwa wahifadhi, uiweke kwenye simu yenye GPS. Leseni ya uvuvi na ya chombo kamilisha mapema kwa afisa uvuvi wa manispaa yako. Kaa mbali pia na mlango wa bandari pale Magogoni. Meli haiwezi kukukwepa, na wimbi lake linatosha kumwangusha mtu aliyesimama.

Unachotafuta ni ukingo: mahali mwamba unapokutana na mchanga au nyasi za bahari, kina cha pima 5 hadi 10 (pima moja ni karibu mita 1.8). Changu hula kwenye ukingo huo. Katikati ya mwamba ndoana zitanasa kila dakika, na kwenye mchanga mtupu mtakaa bila kuguswa. Chunguza kwa chubwi ukiwa peke yako siku moja kabla. Paka mafuta mazito au sabuni ya mche chini ya chubwi: likirudi na chembe za mchanga, chini ni mchanga, likirudi safi lenye mkwaruzo, ni jiwe. Weka alama kwenye GPS, kisha kariri alama mbili za nchi kavu zinazopangana mstari mmoja kwa kila upande, kwa sababu simu huishiwa chaji.

Hatua ya 3: Chombo

Boti ya faiba ya mita 6 au 7 yenye mashine ya nguvu farasi 25 hadi 40 inatosha. Ngalawa ni chombo kizuri sana cha kuvulia, lakini mgeni hana mahali pa kukaa na mirengu (miti yake ya ubavuni) inanasa mishipi.

Jaketi okozi moja kwa kila mtu, livaliwe na kufungwa kabla mashine haijawashwa. Jaketi lililo chini ya kiti halimwokoi mtu. Beba redio ya VHF na uiache kwenye chaneli 16 (ya kuitia msaada), simu ndani ya mfuko usioingiza maji, kizimamoto, upo (kopo la kutolea maji chomboni) na ndoo moja, kasia mbili, plagi na pini ya propela za akiba pamoja na spana zake, sanduku la huduma ya kwanza, na chupa ya chai yenye maji ya moto (sababu iko mbele). Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu lisiguswe. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu. Acha kwa mtu wa nchi kavu majina ya waliomo, mahali mnapokwenda na saa ya kurudi.

Hatua ya 4: Funga mishipi

Fanya kazi hii nyumbani. Andaa mishipi sita kwa watu wanne.

Mshipi mkuu ni nailoni ya milimita 0.70, mita 60, iliyozungushwa kwenye kibao au chupa ya plastiki ya lita moja. Mwisho wake unganisha nailoni nyembamba zaidi, milimita 0.50, urefu wa mita 1.2. Wembamba huo ni wa makusudi: ndoana ikinasa, inakatika sehemu ya chini, mshipi mkuu unabaki.

Kwenye hiyo ya milimita 0.50 toa matawi mawili ya sentimita 15 kila moja. La kwanza liwe sentimita 30 juu ya chubwi, la pili sentimita 40 juu ya la kwanza. Nafasi kati ya matawi lazima izidi jumla ya urefu wake, la sivyo ndoana zitakutana na kusokotana kila mshipi unaposhuka. Chubwi lifunge chini kabisa kwa kipande cha nailoni dhaifu zaidi, milimita 0.35, maana chubwi ndilo linaloingia kwenye nyufa za mwamba mara nyingi. Likinasa, linakatika lenyewe na samaki anapanda.

Ndoana zenye tundu, namba 10 au 11, zinawafaa changu wa kawaida. Namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. Fundo: pitisha nailoni kwenye tundu, izungushe kwenye nailoni yenyewe mara tano, rudisha ncha ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ndani ya kitanzi kikubwa kilichotokea. Lowesha kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza kavu, nailoni inaungua kwa msuguano na itakatika samaki akivuta.

Bana kijino (kile kinachozuia ndoana isichomoke) cha kila ndoana kwa koleo mpaka kilale. Utapoteza samaki wachache, lakini ndoana ikiingia kidoleni mwa mgeni itatoka ilivyoingia, na safari itaendelea.

Hatua ya 5: Chambo

Ngisi ndiye chambo cha kufundishia: mgumu, hatoki ndoanani kwa kudokolewa mara moja. Kilo moja ya ngisi na nusu kilo ya dagaa wabichi hutosha watu wanne. Pita soko la samaki la Feri au diko (mahali wavuvi wanaposhushia samaki) lililo karibu nawe alfajiri, au nunua jana yake uhifadhi kwenye barafu, visiguse maji matamu. Kata ngisi vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 5. Toboa mara mbili, ncha ya ndoana ibaki wazi, mkia upepee. Wageni hupenda kufunga chambo kama donge kubwa linaloficha ndoana. Samaki analimaliza donge lote bila kukutana na ncha.

Hatua ya 6: Darasa la ufukweni, dakika 30

Kila mtu afunge fundo lake mara tatu mchangani. Mpe kila mmoja vipande viwili vya tyubu ya baiskeli avae kidole cha shahada na kidole gumba, kama pete pana, visikatwe na nailoni. Kisha sheria moja isiyo na mjadala: mshipi hauzungushwi mkononi. Kolekole wa kilo 5 akikimbia, nailoni iliyozungushwa inakata mpaka mfupani.

Anayeogopa kulewa bahari ale kidogo, mkate na chai, si supu ya mafuta. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa saa moja hivi kabla ya kupanda, siyo baada ya kuanza kichefuchefu. Mkiwa majini, mkalishe katikati ya chombo, mbali na moshi wa mashine, atazame upeo wa bahari.

Hatua ya 7: Kutia nanga

Tia nanga kwenye mchanga, upande mkondo unakotokea, kisha legeza kamba mpaka chombo kifike ukingoni mwa mwamba. Nanga ikiangushwa juu ya matumbawe inavunja makazi ya samaki haohao unaowafuata. Kamba iwe angalau mara tatu ya kina. Ifunge kwenye kitako cha nanga, kisha ishikize kwenye pete ya juu kwa uzi dhaifu. Nanga ikinasa, vuta kwa nguvu: uzi unakatika na nanga inatoka kinyumenyume.

Mkondo hubeba mishipi kuelekea tezi (nyuma ya chombo), kwa hiyo walioko omo (mbele) wape machubwi ya gramu 150 na walioko tezi gramu 80. Ya omo yanashuka wima, ya tezi yanasukumwa mbali na chombo, hayakutani. Ukiwapa wote uzito mmoja, baada ya dakika kumi utakuwa na fundo moja la watu wanne.

Hatua ya 8: Kushusha, kusikiliza, kuvuta

Mwambie: "Dada, achia mshipi upite kidoleni mpaka usikie *tuk*, halafu pandisha dhiraa moja, karibu nusu mita." Chubwi likilazwa chini muda wote litanasa; likiwa juu sana changu hawalifikii. Ukiona mshipi umelala kuliko kusimama, ongeza uzito.

Kisha fundisha kusikia. Kikande hudokoa haraka haraka, tk-tk-tk, na huiba chambo. Changu hugonga mara moja mbili halafu hushuka nacho kwa nguvu. Chewa huwa mzito ghafla, na anakimbilia shimoni. Mpandishe mita mbili za kwanza bila kusita, akiingia mwambani hatoki. Kosa la kila mgeni ni kuruka kwa mdokoo wa kwanza. Mwambie asubiri uzito, kisha ainue mkono nusu mita tu, kwa uthabiti. Anayerusha mkono mpaka begani humng'oa samaki mdomo.

Kuvuta ni mkono baada ya mkono, na mshipi uangukie ndani ya beseni lenye maji kidogo, kila mtu na lake. Mshipi unaoangukia miguuni ndio chanzo cha mafundo mengi. Samaki akivuta, aachie kidogo, akipumzika, avute. Chambo kikaguliwe kila baada ya dakika tano bila kuguswa, maana pengine mtu anavua na ndoana tupu.

Hatua ya 9: Samaki akifika juu

Mgeni asishike samaki asiyemjua. Tasi, taa na samaki wanaofanana na jiwe wana miiba yenye sumu. Mtu akichomwa, hapo ndipo maji ya chupa yanapofanya kazi: changanya na ya baridi mpaka yawe ya moto anayoweza kuyavumilia kwa mkono usioumia, kiasi cha nyuzi 45, atumbukize sehemu iliyochomwa dakika 30 hadi 90. Pima kwanza kwa mkono wako, kwani mwenye maumivu hajui anapoungua. Kisha rudini, aende hospitali. Bunju asiingie kabisa kwenye ndoo ya kitoweo; sumu yake haiishi kwa kupikwa. Kasa akinasa, kata nailoni karibu na mdomo iwezekanavyo, aende zake.

Changu wadogo kuliko kiganja warudishwe. Lowesha mikono kwanza, toa ndoana kwa koleo, mwachie kichwa kikiangalia chini.

Wanaobaki wachinje kwenye matamvua mara moja, watoke damu, kisha walale ndani ya barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Hesabu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Jua la Dar huharibu changu asiye na barafu kabla hujaona nchi kavu.

Ng'oa nanga saa 5, hata kama samaki wanakula. Mkifika, kila mwanafunzi akoshe mshipi wake kwa maji matamu, auzungushe mwenyewe, na achome ndoana zake kwenye kipande cha boya. Atakayerudi mara ya pili mpe mshipi mtupu bila matawi, aufunge mwenyewe kabla ya kupanda.