Kumnasa karpu mkubwa: zana, chambo na namna ya kukitega

Karpu mkubwa hakimbilii chambo akakimeza. Anainamisha kichwa, anapapasa tope kwa sharubu zake nne, anafyonza kila kilichopo, mchanga na vijiti vikiwemo, halafu anatema asichokitaka. Kazi hiyo yote haichukui muda wa kupepesa jicho. Samaki wa kilo 15 ameishi miaka mingi, na kama maji yake yanavuliwa mara kwa mara, ndoano alizozitema ni nyingi kuliko zilizomnasa. Kila nitakachoeleza hapa kinalenga pale anapotema: ndoano ibaki mdomoni.

Ninayemzungumzia ni Cyprinus carpio, awe wa magamba kamili au yule mwenye magamba machache makubwa yanayong'aa kama vioo. Ni jamii moja, na wananaswa kwa njia moja.

Hatua ya 1: Zana ziache chini, tazama maji

Wengi wanaruka hatua hii, nami niliiruka kwa miaka. Nilikuwa nikifika nafungua mabegi, natega fimbo mbili mahali palipo na kivuli, nakaa. Kivuli kilinifaa mimi tu, samaki walikuwa upande mwingine.

Sasa nalizunguka bwawa zima kwanza, polepole, bila kukanyaga kwa kishindo. Karpu ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo anasikia vizuri mno. Mguu mzito ukingoni unamfikia kabla hujaona hata kivuli chake.

Natafuta mapovu madogo yanayopanda kwa mfululizo kutoka chini, maana hapo kuna samaki anayechimbua. Natafuta wingu la tope katika maji yaliyo safi kwingine kote, matete yanayotikisika bila upepo, na samaki anayeibuka, akajigeuza na kuzama. Ukiona samaki akiibuka mara tatu mahali pamoja, usiende kutafuta mahali pengine pazuri zaidi.

Upepo nao una habari. Upepo wa uvuguvugu unaovuma siku mbili tatu kuelekea ukingo mmoja husukuma maji ya juu yenye joto pamoja na chakula kwenda huko, na karpu hufuata. Upepo wa baridi kali ni kinyume chake: watafute palipotulia, penye kina. Karpu hula kwa bidii maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 10 bado anakula, lakini kidogo, na kwa vipindi vifupi.

Baada ya hapo pima chini ya maji. Funga chubwi tupu, litupe, kaza mshipi ukilisikiliza linavyotua. Likigonga "tap!" na mtetemo ukafika mkononi, ni changarawe au udongo mgumu. Likitua kama limeangukia godoro, ni tope. Sasa livute taratibu: likiteleza laini ni tope au mchanga, likirukaruka ni changarawe, likikwama kisha likaachia ghafla ni magugu. Mimi hutafuta kipande kigumu katikati ya ulaini, hata kiwe na upana wa meza tu. Mara nyingi pamekuwa pagumu kwa sababu samaki wenyewe wamepafagia kwa kula.

Hatua ya 2: Zana

Hapa sitakaa sana, maana watu hutumia fedha nyingi hapa na kupata faida ndogo. Fimbo ya mita 3.6 yenye nguvu ya pauni 2.75 hadi 3 inatosha karibu kila mahali. Pauni hizo ni uzito unaoweza kuikunja ncha mpaka ifanye pembe ya mraba na kitako. Fimbo ngumu zaidi hutupa mbali, lakini samaki akiwa miguuni pako inang'oa ndoano.

Mshipi wa nailoni wa milimita 0.35 hivi, unaobeba kilo 6 au 7. Penye magugu mazito tumia mnene kidogo zaidi. Rili (kizungushio cha mshipi) iwe na breki laini isiyoshtuka, na ijae mshipi karibu na ukingo wa spuli. Ndoano namba 6 kwa kazi nyingi, namba 4 kwa chambo kikubwa (kumbuka namba ikipungua ndoano inakua). Chubwi la gramu 85 hadi 110.

Bila vitu viwili vifuatavyo nakuomba usitoke nyumbani: wavu wa kuopolea wenye mdomo wa mita moja hivi, na godoro la kumlazia samaki.

Hatua ya 3: Mtego wa unywele

Zamani chambo kilichomekwa kwenye ndoano yenyewe. Karpu aliyewahi kuchomwa alikibana kwa midomo, akahisi chuma, akakiacha. Karibu na mwaka 1980 Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walikuja na wazo la kukitoa chambo kwenye ndoano na kukining'iniza pembeni kwa unywele. Mwanzoni ulikuwa unywele wa mtu kwelikweli. Ndoano ikabaki tupu, huru, ncha yake wazi. Samaki anafyonza chambo, ndoano inaingia nyuma yake. Akitema, chambo kinatangulia kutoka, ndoano inageuka na kukita kwenye mdomo wa chini.

Fanya hivi:

Kata kigwe laini kilichofunikwa plastiki, kama sentimita 30. Menya plastiki kwenye sentimita 10 za mwisho. Sehemu hiyo iliyomenywa ndiyo itakuwa unywele.

Funga kitanzi kidogo kwenye ncha iliyomenywa. Pitisha chambo kwa sindano, kivute kitanzini, weka kizuizi ili kisichomoke.

Laza kigwe kwenye shina la ndoano na upime nafasi kati ya chambo na mpindo wa ndoano. Kwa kidonge cha unga cha milimita 15 (nitakieleza Hatua ya 4), naacha milimita 5 hivi. Msimu mmoja niliacha unywele mrefu kama sentimita 3 nikidhani nampa samaki uhuru. Nilichompa ni uhuru wa kula chambo na kuacha ndoano nje ya mdomo. Kengele ya fimboni, inayolia mshipi ukivutwa, ililia usiku kucha, mlio mmoja mmoja, na asubuhi sikuwa na kitu.

Ingiza ncha ndefu ya kigwe kwenye tundu la ndoano ukitokea nyuma, upande usio na ncha. Zungushia shina pamoja na unywele mara 7 au 8, mizunguko ikibanana, kisha rudisha ncha hiyo ndefu tena kupitia tundu, kutokea nyuma vilevile. Lowesha kwa mate, kaza. Kama uliipitisha kutokea mbele, ndoano haitageuka, na usiku mzima utajiuliza kwa nini.

Vika mrija mwembamba wa silikoni juu ya tundu, ukishuka kidogo kuelekea ncha. Unaisaidia ndoano kupinduka haraka.

Sasa jaribu. Laza mtego kwenye kiganja, uvute pole kwa kigwe. Ndoano igeuke yenyewe, ncha itazame chini na kutaka kuuma ngozi. Ikipita imelala ubavu, fungua uanze upya. Mimi hujaribu kila mtego namna hii, hata niliofunga nikiwa nimetulia mezani.

Kigwe kilichokamilika kiwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kifungwe kwenye swiveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka), na swiveli ikae kwenye kibanio cha chubwi. Uzito wa chubwi ndio unaokita ndoano: samaki anainua kichwa, kigwe kinanyooka, anakutana na gramu 100 ghafla, anashtuka na kukimbia, na kukimbia kwake kunaimalizia kazi ndoano. Lakini kibanio lazima kiachie chubwi pale mshipi unapokatika. Samaki kuachwa akiburuta chuma kwenye magugu hadi afe ni uzembe, na mvuvi hawezi kusema ni bahati mbaya. Shika chubwi, vuta kigwe kwa mkono: lisipochomoka kwa nguvu ya kawaida, umekaza mno.

Hatua ya 4: Chambo

Swali ninaloulizwa zaidi ni ladha gani, na mimi hujibu kwamba ladha inakuja nyuma ya mahali. Mwaka 1952, katika bwawa la Redmire nchini Uingereza, mvuvi Richard Walker alimvua karpu wa pauni 44, yaani kilo 20 hivi, aliyedumu kama rekodi ya nchi ile kwa miaka mingi. Hakuwa na kidonge chochote chenye jina la kupendeza. Alijua samaki wapo pale.

Mahindi makavu bado ni chambo cha heshima. Yaloweke saa 24, yachemshe nusu saa, yaache kwenye maji yake siku moja au mbili mpaka yawe na utelezi na harufu tamu ya kuchacha. Usitupe majini nafaka au njugu zisizopikwa, maana huvimba ndani ya samaki, na karpu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Kinapita moja kwa moja utumboni. Ndiyo maana pia hula kidogokidogo siku nzima.

Ukisumbuliwa na samaki wadogo, tumia boili, vidonge vya unga (wa samaki, wa soya, semolina) vilivyokandwa kwa mayai na kuchemshwa dakika moja au mbili hadi vishike ganda. Wadogo wanadona wee, ganda haliishi. Karpu hulivunja kwa meno yake ya kooni. Milimita 15 hadi 18 ni ukubwa wa kuanzia.

Kwenye kiasi ndipo watu wanakosea. Unaweza kuongeza chambo, kukiondoa huwezi. Naanza na konzi mbili kuzunguka mtego. Nikipata samaki, naongeza konzi moja. Maji yakiwa baridi, vidonge vitano vinatosha.

Hatua ya 5: Kukilaza chambo kulingana na chini

Penye ugumu, laza kidonge cha kawaida kinachozama. Hakuna haja ya ujanja.

Penye tope, chubwi huzama na kuvuta kigwe pamoja na chambo. Refusha kigwe hadi sentimita 25, tumia chubwi jepesi zaidi, na weka chambo kilichosawazishwa: nusu kidonge kinachozama, nusu kinachoelea, juu ya unywele mmoja. Kijaribu kwenye ndoo ya maji. Kishuke kama unyoya, ndoano ikiwa imelala chini na chambo kikiwa kimesimama juu yake. Chambo cha namna hii kina faida nyingine: uzito wa ndoano umefutwa, kwa hiyo samaki anapofyonza kinaruka mdomoni na kuingia mbali kuliko alivyokusudia. Ningeambiwa nichague mtego mmoja wa maisha, ningechukua huu.

Penye magugu mafupi, tumia kidonge kinachoelea peke yake, kikizuiwa na punje ndogo ya uzito kwenye kigwe, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye ndoano. Ndoano iviringishe na mfuko mdogo wa PVA, plastiki inayoyeyuka majini, wenye peleti (punje za chakula cha samaki) chache. Mfuko huyeyuka ndani ya dakika chache na kuacha ncha safi juu ya kichuguu kidogo cha chakula. Mikono iwe mikavu unapoufunga, la sivyo utayeyukia kwenye vidole.

Baada ya kutupa, shusha chubwi mshipi ukiwa umekazwa, usikie limetua vipi. Lisipotua ulivyotaka, rudisha na utupe tena sasa hivi, samaki wakiwa bado hawajazoea utulivu. Likitua vizuri, usiliguse tena kwa saa kadhaa. Kuvuta kila baada ya dakika 20 "kuangalia chambo" ni kuwafukuza kwa zamu. Legeza mshipi mita za mwisho ulale chini, maana karpu akiugusa kwa kifua huondoka na wenzake.

Hatua ya 6: Kengele ikilia

Breki iwe imelegezwa kiasi cha kumruhusu kukimbia. Fimbo nyingi zimevutwa majini na mwenyewe akiangalia. Usipige fimbo nyuma kwa nguvu, ndoano imeshakita. Inyanyue tu, ikunje, kaza breki kidogokidogo. Kuna wakati mshipi hautoki bali unalegea: samaki anakuja kwako. Kunja rili haraka mpaka umhisi.

Akielekea kwenye magugu au visiki, mzuie kwa fimbo ya ubavu, chini, karibu na maji. Kwingineko mwache achoke. Wavu uutangulize majini, utulie, kisha mlete samaki juu yake. Ukimkimbiza samaki kwa wavu, ndipo anapopata nguvu ya mwisho.

Hatua ya 7: Nje ya maji

Lowesha godoro na mikono kabla hajatua. Toa ndoano, mpime akiwa kwenye mfuko uliolowa, piga picha ukiwa umepiga magoti ili akiteleza asianguke kutoka juu. Vidole visiingie kwenye matamvua. Jua pia sheria ya maji unayovua: Australia, kwa mfano, karpu ni mvamizi, na katika baadhi ya majimbo ni kosa kumrudisha akiwa hai. Pale anaporudishwa, mshike wima majini, kichwa kikitazama penye kina, hadi apige mkia mwenyewe.

Kabla ya kutupa tena, burura ncha ya ndoano kwenye ukucha wa gumba. Ikikwaruza na kukwama, itumie. Ikiteleza, funga nyingine.