Mti wa kumbukumbu: namna ya kuupanda uishi

Anayetaka kumkumbuka marehemu kwa mti huanza kwa kuuliza mti gani. Aanze na msitu. Miti iliyosalia kandokando ya mto ulio karibu ndiyo itakayomwambia apande nini. Musizi (Maesopsis eminii) ni mwenyeji Kagera, lakini ulipopelekwa Amani, Usambara Mashariki, uliuvamia msitu. Mti wa asili ni wa palepale, haitoshi kuwa wa Tanzania.

Usipande mmoja. Panda mitano, jina la marehemu libebwe na kikundi kizima. Mmoja ukikauka, hapatakuwa na msiba wa pili.

Chini ya Usambara mvule na mkangazi hufaa, ila kila mmoja una adui wake. Mvule mchanga ukiwa peke yake juani huingiwa na mdudu mdogo, Phytolyma: chipukizi hutoka vinundu, vinundu huoza, ncha hufa. Mkangazi hutobolewa ncha na kiwavi, ukatawanyika matawi kama kichaka. Changanya aina tatu au nne, mita 3 hadi 4 kati ya mche na mche, penye kivuli chepesi.

Chimba mashimo wiki tatu kabla ya masika, sm 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu utenganishe na ule wa chini. Mvua ikishika, changanya ule wa juu na nusu debe la samadi iliyooza (mbichi huunguza mizizi), uutangulize shimoni. Chana kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kwa wembe, ukitoe chote. Mizizi iliyojizungusha chini ikate, la sivyo mti utakua miaka kadhaa kisha ujinyonge wenyewe. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na ardhi. Shindilia kwa kisigino, taratibu.

Kibao cha jina usikipigilie mtini kwa misumari wala kukifunga kwa waya. Shina likinenepa, waya huzama ndani. Andika jina kwenye jiwe pembeni.

Palilia mduara wa mita 1 kwa miaka miwili. Matandazo ya sm 10 yasiguse shina, yataleta mchwa. Januari na Februari mche upate ndoo ya lita 10 kila wiki. Mbuzi wazuie kwa miiba. Vuli ikianza, hesabu iliyopona, uzibe mapengo.

Ndani ya hifadhi ya msitu ya serikali kuu, omba kwanza ruhusa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Kwenye msitu wa kijiji, serikali ya kijiji.