SOMO: Kuunganisha kinanda cha nyumbani na laptopu kwa MIDI (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu habari zenu. Naandika hili mara moja ili kila anayekuja inboksi nimwelekeze hapa, maana swali ni lilelile kila wiki, "nimechomeka waya mbona sisikii kitu?"

Shika hili kwanza: MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo tu, umebonyeza noti ipi, kwa nguvu gani (inapimwa mpaka 127), umeachia wakati gani. Sauti inatengenezwa na programu ya muziki iliyo kwenye laptopu, kwa hiyo kama hujafungua ala yoyote humo ndani (yaani piano, ogani au chombo kingine cha ndani ya programu), hutasikia kitu.

1. Angalia nyuma ya kinanda. Tundu la USB TO HOST ndilo lenyewe, na mara nyingi waya wake ni kama ule wa printa. USB TO DEVICE ni la flashi, achana nalo. Kama una matundu ya duara ya pini 5, tafuta adapta ya MIDI kwenda USB, na plagi yake ya IN iingie OUT ya kinanda.

2. Weka draiva (programu ndogo ya kuifanya laptopu ikitambue kinanda) kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kinanda.

3. Washa kinanda, halafu ndio ufungue programu.

4. Kama programu yako ya muziki ni FL Studio, bonyeza F10, chagua jina la kinanda sehemu ya Input, washa Enable.

5. Zima Local. Hapa ndipo watu wanaumia. Ukipiga noti moja unasikia mbili, piano ya kinanda na ala ya programu kwa nyuma yake kidogo, na mtu anaanza kulaumu laptopu. Ingia kwenye Function za kinanda tafuta Local iweke OFF, sasa funguo zinatuma maagizo tu na kinanda hakilii chenyewe. ANGALIZO: ukimaliza kurekodi irudishe ON, la sivyo kwa baadhi ya vinanda siku ya ibada unawasha hakitoi sauti, unakipeleka kwa fundi anakifungua kumbe hakina ubovu wowote. Na kama programu inarudisha MIDI kwenye kinanda, zima huo upande wa Output, la sivyo noti zitajirudia tena hata ukiwa umezima Local.

MASWALI

Kijana wa Biti: Mkuu nimefanya yote bado kimya

Jibu: Kinanda gani? Programu gani? Ala umefungua? Nimeandika hapo juu kabisa. Rudi usome.

Mama Kwaya: Shikamoo mwalimu, sisi kanisani tuna Yamaha PSR-F51, sioni hilo tundu.

Jibu: Marahaba mama. Hiyo haina USB wala MIDI, msihangaike kununua adapta. Toeni waya kwenye tundu la hedifoni mpeleke kwenye kadi ya sauti, mtarekodi sauti vizuri tu, ila noti iliyokosewa hamtaweza kuirekebisha baadaye, itabidi kurudia kipande.

Mpiga Besi: Mimi inatoa sauti ila inachelewa, nikitumia spika ya bluetooth ndio balaa zaidi. Hii inatokana na nini?

Jibu: Swali zuri hili. Laptopu inakusanya sauti kidogo kidogo kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 2048 (vipande vidogo vya sauti), kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 46, kidole lazima kihisi. Weka ASIO4ALL (draiva ya sauti ya Windows), shusha bafa mpaka 256, inakuwa kama 6. Ikianza kukwaruza panda 512. Bluetooth inaongeza ucheleweshaji wake juu ya huo na bafa haiuondoi, tumia hedifoni za waya.

Kijana wa Biti: Imekubali, sikuwa nimefungua ala. Asante

Mpiga Besi: Wakuu nyongeza, pedali yangu ilikuwa inafanya kinyume, nikikanyaga inakata nikiachia inavuta.

Jibu: Vinanda vingi vinaisoma pedali wakati wa kuwaka. Zima, ichomeke, washa bila kuikanyaga. Na pedali nayo inarekodiwa kwenye MIDI, ni kontrola namba 64, ukikuta noti zimeng'ang'ania kaangalie huko kwanza.