Jinsi ya Kuchagua Grenda Ndogo ya Kuchongea kwa Bei Nafuu

Mtu anayechonga vifuu vya nazi kuwa hereni na vifungo, au anayetoboa matundu ya swichi katika kasha la plastiki, hufika mahali akaona kuwa tupa na msumeno vinamchelewesha, huku drili ya kawaida ikiwa nzito mno mkononi. Anachohitaji ni grenda ndogo inayoshikwa kama kalamu nene, ambayo wengi huiita dremel hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Jina hilo ni la kampuni iliyoanzishwa na Albert Dremel mjini Racine, Marekani, mwaka 1932. Mashine zake ni nzuri, lakini kwa mtu anayechonga Jumamosi pekee zipo za bei ya chini zinazofaa, mradi ajue cha kukagua kabla ya kutoa fedha.

Aanze na kazi yenyewe. Kwa kuandika majina juu ya glasi, kulainisha plastiki na kuchonga mbao laini, mashine ndogo ya betri ya volti 3.6 inatosha, tena haisumbuliwi na umeme kukatika. Kifuu ni kigumu kuliko kinavyoonekana, na kukata bolti ni kazi nzito zaidi. Hapo itafutwe ya waya.

Kinachotofautisha mashine nzuri na mbovu ni kibanio, yaani kile kijibomba cha chuma kilichopasuliwa ambacho kinapokazwa na nati hushika mguu wa kichwa, yaani kipande kinachofungwa mbele ili kuchonga, kukata au kutoboa. Kibanio kisichokaa katikati hufanya kichwa kiyumbe, na kichwa kinachoyumba huchimba mashimo mapana, hutetemesha vidole na huvunja keekee nyembamba. Kwa hiyo muuzaji aombwe kufunga keekee iliyonyooka, kisha mashine iwashwe kwa mwendo mdogo na ncha itazamwe kwa upande: ikionekana kama mstari mmoja, ni salama, ikionekana kama kivuli kinene, irudishwe kabatini hata kama bei yake inavutia. Mwendo uongezwe polepole hadi mwisho, na kitufe cha kurekebisha kasi kiwe kinabadilisha mwendo kweli, kwa sababu plastiki huyeyuka kasi ikizidi, na brashi za waya hazipaswi kuvuka mizunguko 15,000 kwa dakika.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zisiaminiwe upesi. Dremel 3000, inayouzwa kwa umeme wa volti 230, ina wati 130 tu. Mashine ya ukubwa huohuo inayojitangaza kuwa na wati 480 inauza namba, si nguvu. Namba isiyopaswa kupuuzwa ni ya volti. Mashine za Marekani hutumia volti 120, nasi tuna 230 Tanzania na 240 Kenya. Niliwahi kuletewa moja kama zawadi. Ilipiga kelele kama mbu kwa sekunde chache, kisha chumba kikajaa moshi. Transfoma ya kushusha umeme ingeiokoa, lakini gharama yake huweza kumaliza nafuu yote ya mashine iliyoagizwa kutoka huko.

Kuhusu vichwa, seti ya vipande mia na zaidi hupendeza machoni, ilhali sehemu kubwa yake ni vipande vya msasa na pamba ngumu ya kung'arishia. Ni afadhali kununua vichache vinavyohitajika, baada ya kupima miguu yao: iliyo mingi ina unene wa milimita 3.2, na ile ya aina ya mafundi meno ina milimita 2.35, hivyo mashine yenye vibanio vya ukubwa mbalimbali hufungua milango mingi. Visahani vya kukatia vyenye nyuzi ndani hugharimu zaidi, ila vile vyembamba visivyo nazo hupasuka vikipindishwa kidogo tu, na vipande huruka usoni. Bei ya miwani ya kinga na barakoa, hasa kwa vumbi la kifuu, ihesabiwe pamoja na bei ya mashine.

Mtumba nao si wa kudharauliwa. Mashine nyingi za waya zina vifuniko viwili vidogo ubavuni, vinavyofunguliwa kwa bisibisi ili kutoa kaboni, yaani vijipande vinavyopitisha umeme hadi kwenye sehemu ya mota inayozunguka na ambavyo huisha kwa kusuguliwa. Kaboni iliyobaki chini ya milimita 3 imekwisha, na hilo si kasoro kubwa, bali ni sababu ya kuomba punguzo. Cheche ndogo zinazoonekana kwenye matundu ya hewa ni za kawaida; zikizunguka kama pete ya moto, au harufu ya waya ulioungua ikisikika, tatizo liko kwenye mota yenyewe. Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe kama kaboni za saizi hiyo zinapatikana dukani, na zikipatikana, inunuliwe jozi moja ya akiba siku hiyohiyo.